Ajali moja, mapigo matatu: gari linavyomuumiza mwendesha baiskeli

Baiskeli ikigongwa kwenye Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, watu wanaokusanyika hubishana juu ya jambo moja tu: gari lilikuwa kwenye mwendo gani. Mhudumu wa chumba cha dharura atakayempokea majeruhi ana maswali mengine mawili, na mara nyingi aliyemleta hana majibu yake. Gari lilikuwa na uso wa namna gani? Na mtu aliishia wapi: juu ya boneti, pembeni kwenye mchanga, au chini ya gari? Akipata majibu ya yote matatu, anaweza kukisia majeraha mengi kabla hata nguo hazijakatwa.

Mwendesha baiskeli anayeyajua hayo mapema ana faida kubwa zaidi, kwa sababu anajua pasipofaa kukaa barabarani. Mahali hapo, kwa bahati mbaya, ndipo kila mtu anapomwambia akae: pembeni kabisa, kushoto.

Mapigo yenyewe

Chukua gari dogo, IST au Corolla, limemgonga mwendesha baiskeli ubavuni kwenye makutano. Pigo la kwanza ni la bampa, na linaupata mguu ulio upande wa gari. Bampa la gari dogo liko karibu nusu mita kutoka chini, kwa hiyo linaangukia goti au muundi, kutegemea pedali ya upande ule ilikuwa juu au chini. Muundi hauna nyama kwa mbele. Ukivunjika, ncha ya mfupa hutoboa ngozi kirahisi, na jeraha linakutana na mchanga na maji ya mtaroni hapohapo.

Pigo la pili ni mwili kugonga gari. Mtu anayetembea amesimama chini. Mwendesha baiskeli yuko juu ya siti, na uzito wake mwingi uko juu ya ukingo wa boneti. Kwa hiyo huburutika kupanda boneti, na kichwa chake hufika mbali zaidi kuliko cha mtembea kwa miguu: kwenye kioo cha mbele au kwenye nguzo za chuma zinazokishika. Kioo hupasuka na kubonyea, na katika kubonyea kinameza sehemu ya nguvu. Nguzo haibonyei. Watu wawili waliogongwa kwa mwendo uleule na gari lilelile wanaweza kutofautiana kwa sentimita 20 tu za mahali kichwa kilipotua, mmoja akarudi nyumbani na mwingine akalazwa wiki kadhaa.

Pigo la tatu ni lami. Dereva anafunga breki, gari linapunguza mwendo, na mwili ulio juu ya boneti hauna kinachoushika. Unateleza na kuanguka mbele au pembeni. Hapa ndipo panapovunjika mtulinga, kwa kutua na bega, na kifundo cha mkono, kwa kunyoosha mkono ili kujikinga. Hapa pia ndipo kichwa kinapogonga kwa mara ya pili. Shahidi aliyeona mtu akirushwa kwenye kioo husimulia kioo tu. Mwambie aeleze na jinsi alivyoanguka chini, kwa sababu jeraha la shingo linaweza kutokana na sehemu hiyo ya hadithi.

Katikati ya mapigo hayo kuna chuma kingine ambacho hakitajwi sana: usukani wa baiskeli yenyewe. Gurudumu la mbele likisukumwa, usukani unageuka na ncha yake inaelekea tumboni. Ikiwa mpira wa kushikia umeisha au umechomoka, iliyobaki ni bomba tupu la chuma. Nje linaacha alama ndogo ya mviringo, pengine hata ngozi haikuchanika, na ndani ini, wengu au kongosho vimepasuka. Watoto wanaoendesha baiskeli za wakubwa ndio wanaoathirika zaidi. Alama hiyo tumboni haipuuzwi hata kama mtoto anasema hasikii maumivu, kwa sababu damu ya wengu inaweza kuvuja polepole kwa saa nyingi.

Sasa ondoa boneti. Hiace, Coaster, Canter na Fuso zina uso ulio wima. Hakuna pa kupandia. Mguu, nyonga, mbavu na kichwa vyote vinagongwa karibu kwa wakati mmoja, kisha mwili unasukumwa mbele na chini, mbele ya matairi ya gari lilelile. Ndiyo maana daladala kwenye mwendo wa wastani inaweza kuumiza kuliko gari dogo lililokuwa kasi zaidi. Majeraha hapa ni ya kifua na nyonga: mbavu zilizovunjika na kutoboa pafu, na fupanyonga lililofunguka.

Na kwenye lori au semi, mwendo karibu haujalishi tena. Tairi la nyuma la tipa lililojaa mchanga linabeba tani kadhaa, na likipanda juu ya paja kwa mwendo wa mtu anayetembea, kinachotokea ni kusagika. Jeraha moja la namna hii huwadanganya hata wahudumu: ngozi inavutwa na kuachana na nyama iliyo chini yake bila kuchanika. Kwa nje unaona mchubuko na alama za tairi tu. Chini yake damu inajaa kwenye mfuko uliofunguka, na baada ya siku chache ngozi ile, ambayo mishipa yake imekatika, inageuka nyeusi na kufa. Alama ya tairi kwenye mwili ni sababu tosha ya kulazwa na kuangaliwa.

Mwendo, kwa hesabu

Kwenye maeneo ya makazi sheria inaruhusu kilomita 50 kwa saa. Wengi huona 30 na 50 ni tofauti ndogo, lakini nguvu ya kugonga inaongezeka kwa mraba wa mwendo. Kutoka 30 hadi 50, mwendo umeongezeka kwa theluthi mbili. Nishati imeongezeka karibu mara 2.8. Kugonga kitu kigumu kwa kilomita 30 ni sawa na kuanguka kutoka mita tatu na nusu. Kwa 50 ni karibu mita 10. Kwa 70, mwendo wa kawaida wa alfajiri barabara zikiwa tupu, ni mita 19.

Tofauti nyingine iko kabla ya kugonga. Tuseme baiskeli inakatiza mita 20 mbele ya gari, lami ni kavu, na dereva anachukua sekunde moja kushtuka na kukanyaga breki. Mwenye 30 anasimama akiwa na mita sita za ziada. Mwenye 50 ametumia mita 14 kabla breki hazijaanza kazi, na anafika kwenye baiskeli akiwa bado kwenye kilomita 38 hivi. Sekunde moja, tena, ni ya dereva aliyekuwa anaangalia mbele. Mwenye simu mkononi huchelewa zaidi ya hapo.

Kwa nini pembeni kabisa ni pabaya

Tunaendesha kushoto, na mlango wa daladala uko kushoto. Kwa hiyo kila kinachosimama kinasimamia upande wa mwendesha baiskeli: daladala, bajaji, bodaboda anayesubiri abiria, gari lililoharibika lenye majani ya mti nyuma yake badala ya pembetatu. Kushoto ndiko pia wanakopita wanaotanua foleni ikikaza, na wale wanaotoa tairi moja nje ya lami ili kukwepa tuta. Dereva anayetanua anaangalia mbele kutafuta pa kurudi kwenye foleni. Baiskeli aliyoikuta kwenye mchanga ni kitu cha mwisho anachotarajia.

Kuchomekewa na daladala kuna hesabu yake. Baiskeli ya kawaida kwenye tambarare inakwenda karibu kilomita 15 kwa saa, yaani mita nne kila sekunde. Dereva anakupita, kituo kiko mbele, anakunja kushoto. Kosa lake ni kukuhesabu kuwa umesimama pale alipokuona. Ndani ya sekunde tatu za kukupita umeshasogea mita 12, na hapo ndipo anapotaka kuegesha. Usingoje indiketa. Konda aliyetoa mkono au mwili mlangoni, au abiria wanaoanza kusogea ukingoni mwa barabara, ni taarifa ya mapema zaidi. Ukiviona hivyo acha kupiga pedali na mwache apite.

Kisha kuna ukingo wa lami. Sehemu nyingi udongo wa pembeni uko chini kuliko lami, na masika huuchimba zaidi. Gurudumu likishuka, mtu anajaribu kurudi palepale kwa kukunja usukani kidogo. Tairi linasugua ukuta wa lami bila kupanda, gurudumu la mbele linashikwa, na mwili unaendelea kulia, kwenye njia ya magari. Ajali hiyo huandikwa kuwa mwendesha baiskeli aliingia barabarani ghafla. Ukishashuka, baki chini, punguza mwendo, simama, nyanyua baiskeli. Ukilazimika kupanda ukiwa unaendesha, ukate ukingo kwa pembe pana.

Kwa hayo yote, mahali panapofaa ni karibu mita moja kutoka ukingo. Mtu anayejibana sentimita 30 tu kutoka ukingoni anampa dereva picha kuwa nafasi ya kupita ipo, wakati haipo. Gari likipita kwa upana wa kiganja, hana pa kukimbilia zaidi ya mtaroni. Ukiwa mita moja ndani, dereva analazimika kuamua: apite vizuri kwa kuhama, au asubiri. Atapiga honi. Honi haivunji mfupa. Penye njia nyembamba sana, darajani au kwenye kipande chenye kingo za zege pande zote, kaa katikati ya njia yako mpaka utoke. Hili halina maana ya kuringa katikati ya barabara kuu yenye magari ya mwendo mkubwa. Hapo, kama kuna barabara ya pembeni au ya mtaa inayokwenda sambamba, ipite hiyo hata kama ina vumbi.

Na njia ya mabasi ya mwendokasi? Ni tupu, imenyooka, inavutia. Basi lake refu lina mita 18, na kingo za zege zinakufungia ndani yake. Hairuhusiwi, na safari hii katazo lina akili.

Mitaa ya Kariakoo ina hatari ya aina yake: milango. Gari likiegeshwa kushoto, mlango unaofunguka upande wa barabara ni wa dereva, na unatoka karibu mita moja. Mlango ukigonga ncha ya kushoto ya usukani, usukani unakunja kushoto na mwili unarushwa kulia, mbele ya gari linalokuja nyuma. Pita mita moja na zaidi kutoka magari yaliyoegeshwa, na tazama kupitia kioo cha nyuma kama kuna kichwa kwenye siti. Taa nyekundu za nyuma zilizozimika sasa hivi zina maana mtu anakaribia kushuka.

Lori linalokata kushoto

Hili linahitaji nafasi yake, kwa sababu ndilo linaloua watu waliokuwa na hakika wako salama.

Malori ya makontena yanatoka bandarini yanafuata Mandela kupitia TAZARA, Buguruni na Tabata hadi Ubungo. Semi ikitaka kukata kushoto, dereva kwanza huivuta kulia ili tela lipate nafasi. Anayeendesha baiskeli nyuma yake anaona lori linakwenda kulia, pengo kubwa linafunguka kushoto, naye anaingia. Kisha kichwa cha lori kinakunja kushoto. Kinapita mbele yake bila kumgusa, na hapo ndipo anapodhani hatari imekwisha. Lakini matairi ya nyuma hayafuati njia ya matairi ya mbele. Yanakata kona kwa ndani, na jinsi tela lilivyo refu ndivyo yanavyokata zaidi, hata kwa mita kadhaa. Pengo alimoingia linafungwa kutoka upande, polepole, ukuta wa zege au vyuma vya kuzuia magari vikiwa upande wa pili.

Dereva wa semi amekaa kulia, juu. Ubavu wote wa kushoto anauona kwa vioo tu, na kona ya mbele kushoto, chini ya dirisha la utingo, haionekani kabisa kwa malori mengi. Kichwa cha lori kikishakunja, kioo cha kushoto kinaonyesha ubavu wa tela na si kilicho chini yake. Utingo akiwa macho anaweza kukuona. Akiwa amelala baada ya safari ya usiku kutoka Tunduma, hakuna anayekuona.

Kwa hiyo usikae kushoto kwa gari refu karibu na makutano. Hata foleni ikiwa imesimama, hata indiketa ikiwa haijawashwa, hata kama pengo linatosha baiskeli mbili. Kaa nyuma, mahali unapoona uso wa dereva kwenye kioo chake; usipomwona, hakuoni. Kama umeshatangulia mbele, usisimame chini ya bampa. Sogea mita tano au zaidi ili akuone kupitia kioo cha mbele. Na kama lori limeanza kukunja nawe uko ubavuni, usishindane nalo. Acha baiskeli, panda ukingoni. Baiskeli ya mtumba inanunuliwa tena.

Usiku, mzigo na breki

Dar jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo jioni na kabla ya saa moja, kutegemea mwezi, na kwa kuwa tuko karibu na Ikweta giza kamili linafuata ndani ya nusu saa hivi. Wengi wanaondoka kazini kukiwa na mwanga na kufika Gongo la Mboto au Mbagala gizani, bila taa. Taa za gari zilizoinamishwa zinamulika vizuri mita 40 hadi 60 hivi, lakini nguo nyeusi huonekana kwa nusu ya umbali huo au chini yake. Rudia hesabu ya breki hapo juu: kwa kilomita 50 dereva anahitaji karibu mita 28 kusimama. Kwa 70 anahitaji zaidi ya 45. Taa nyekundu ya nyuma na rifleksi moja safi vinamaliza tatizo hilo kwa bei ndogo kuliko kitu kingine chochote kilichotajwa kwenye makala hii. Rifleksi kwenye pedali zinafanya kazi zaidi ya zilizo kwenye karia, kwa sababu zinapanda na kushuka, na dereva anatambua mara moja kuwa ni baiskeli. Kama mzigo unaziba taa, ihamishie kwenye mzigo wenyewe.

Muuza madafu au mkaa ana tatizo la ziada. Breki zina nguvu ileile, lakini zinasimamisha uzito zaidi. Mtu wa kilo 65 na baiskeli ya kilo 20 akiongeza mzigo wa kilo 85 ameongeza uzito maradufu, na kama breki zilikuwa kwenye kikomo chake, umbali wa kusimama nao unakuwa maradufu. Mvua inapoanza mambo yanaharibika kabisa kwenye Phoenix na baiskeli nyingine zenye ringi za chuma, kwa sababu raba za breki huteleza kwenye chuma chenye maji. Mzunguko au miwili ya kwanza ya gurudumu inafuta maji tu. Bana breki kidogokidogo mapema, kabla ya kuhitaji kusimama.

Kipimo cha breki hakihitaji fundi. Simama kando ya baiskeli, bana breki ya mbele kabisa, isukume mbele: gurudumu la nyuma linatakiwa kunyanyuka au baiskeli igome. Fanya hivyo kwa nyuma: gurudumu liburuzike bila kuzunguka. Mkono wa breki ukigusa mpira wa usukani kabla ya kubana, waya umelegea au raba imekwisha. Mzigo nao usizidi upana wa usukani. Magunia yanayotokeza ndiyo yanayonaswa na vioo vya pembeni vya magari, na dereva aliyepima nafasi kwa kumwangalia mtu hakuyahesabu.

Helmeti, bila kutia chumvi

Uchambuzi wa 2016 uliounganisha tafiti 40 zenye majeruhi zaidi ya 64,000 ulionyesha helmeti hupunguza uwezekano wa jeraha la kichwa kwa karibu nusu, na la kichwa lililo zito kwa asilimia 69. Hiyo ni kazi kubwa kwa kipande cha povu gumu. Lakini kinafanya kazi kwa kusagika: povu linabonyea na kuchukua milisekunde chache zaidi kusimamisha fuvu. Kipimo cha kiwango cha Ulaya huangusha helmeti kwa mwendo wa karibu kilomita 20 kwa saa tu, yaani ni kwa ajili ya pigo la tatu, la lami, kuliko la nguzo ya gari. Haikusaidii lolote mbele ya tairi la tela, na anayesema ajali za baiskeli zitaisha watu wakivaa helmeti hajasimama makutano ya Buguruni jioni.

Ikishagonga mara moja imekwisha, hata kama kwa nje haina ufa. Kwa hiyo helmeti ya mtumba ni ya kubahatisha. Ivae ikae vidole viwili juu ya nyusi, kamba zikutane chini kidogo ya sikio, na chini ya kidevu pabaki nafasi ya kidole kimoja au viwili. Iliyosukumwa nyuma inaacha paji la uso wazi, na paji la uso hugongwa mara nyingi.

Majeruhi yuko chini

Kwanza zuia magari. Mtu mmoja asimame mita 30 au zaidi nyuma kuelekea yanakotokea magari, usiku akiwa na tochi ya simu. Piga 112.

Usimnyanyue majeruhi kwa mikono na miguu kumtupia kwenye bajaji, na usimpakie bodaboda katikati ya watu wawili. Kama hana hatari ya moto au ya kugongwa tena, mmoja apige goti kichwani na kukishika kisigeuke. Wakati wa kumhamisha, watu wanne au watano wamtelezeshe kwenye mlango, ubao au blanketi lililokazwa, wakihesabu pamoja. Ila kama hapumui vizuri au anatapika akiwa hajitambui, mgeuze ubavu mwili mzima kwa pamoja. Njia ya hewa inatangulia shingo.

Damu inayochuruzika: bandika kitambaa safi na kandamiza kwa nguvu, dakika kumi bila kuchungulia. Ikiwa inaruka kutoka mkononi au mguuni na haikomi, funga khanga iliyokunjwa kuwa na upana wa sentimita nne au tano, juu ya jeraha kwa sentimita tano hadi saba, si kwenye kiungo, ikaze kwa kuzungusha kijiti mpaka damu ikatike. Andika saa. Usilegeze njiani. Kamba ya viatu au waya hukata nyama bila kuzuia damu.

Damu isiyoonekana ndiyo mbaya zaidi. Mtu mzima ana lita tano hivi. Paja lililovunjika linaweza kuficha lita moja hadi moja na nusu, fupanyonga zaidi ya hapo, bila tone kufika chini. Aliyegongwa na gari lenye uso wima au kupitiwa na tairi, akilalamika nyonga au mgongo wa chini, afungwe kitenge kwa kukazwa. Mahali ni usawa wa mifupa inayotokeza ubavuni mwa mapaja, si kiunoni, kiunoni hakusaidii. Magoti yafungwe pamoja. Usimbonyezebonyeze nyonga kuona kama zinacheza, kwa sababu kila mara zinapocheza damu iliyoanza kuganda inaachia. Asipewe maji wala soda, huenda akahitaji upasuaji. Ipo dawa ya kupunguza uvujaji, traneksamiki asidi, ambayo utafiti mkubwa wa 2010 ulionyesha inaokoa maisha, lakini ndani ya saa tatu tu tangu kuumia. Kusubiri ndugu wafike kunakula saa hizo.

Mfupa uliotoka nje haurudishwi ndani. Ufunike kwa kitambaa safi chenye maji safi, mguu ufungwe ubao, na hospitali wapewe taarifa kuwa ngozi ilitoboka hata kama tundu ni dogo, kwa sababu antibayotiki inatakiwa mapema, na pepopunda pia huchanjwa. Kwenda kwa mtaalamu wa kienyeji wa kuunga mifupa kwa kukandwa kabla ya hapo ndiko kunakogeuza mvunjiko wa wazi kuwa usaha wa mfupa wa miaka.

Halafu kuna yule anayesimama, anajipukuta vumbi na kusema yuko sawa. Mshipa ukipasuka kati ya fuvu na utando wa ubongo, mtu anaweza kuzimia kidogo, akazinduka, akaongea vizuri kwa saa kadhaa, kisha akaanza kusinzia. Familia humwacha apumzike. Yeyote aliyepoteza fahamu hata kwa dakika, asiyekumbuka ajali, anayetapika zaidi ya mara moja, anayeumwa kichwa kinachozidi, mwenye mboni zisizolingana, anayetoka majimaji puani au sikioni, au anayetetemeka kwa degedege, anahitaji picha ya CT. Wengi huanzia Amana, Mwananyamala au Temeke na kupelekwa Taasisi ya Mifupa ya Muhimbili, MOI. Kwa saa 24 za kwanza asiachwe peke yake, na dawa ya maumivu iwe panadoli. Diklofenaki na aspirini huongeza uvujaji.

Aliyevunjika muundi na kufungwa plasta (P.O.P) naye ana saa zake za hatari. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua, yasiyotulizwa na dawa, na yanayokuwa makali vidole vya mguu vikinyooshwa, yana maana misuli imevimba ndani ya ganda lake na kujinyima damu. Arudi hospitali usiku uleule, plasta ifunguliwe. Akingoja asubuhi, misuli inaweza kuwa imekufa.

Karatasi na baiskeli

Mtu mmoja ampeleke majeruhi, mwingine aende kituo cha polisi kuchukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu. Kabla ya gari kuondolewa, piga picha ya namba, ya alama za breki na ya mahali baiskeli ilipolala. Kila gari linatakiwa kisheria kuwa na angalau bima ndogo, ambayo kazi yake ni kumfidia mtu wa tatu aliyeumizwa, na mwendesha baiskeli ni mtu wa tatu. Bima hiyo inaweza kuhakikiwa kwa namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Kampuni ya bima itadai PF3 iliyojazwa na daktari, ripoti ya trafiki na ramani ya ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari na risiti za matibabu, kwa hiyo hata risiti ya bajaji ya kwenda kliniki itunzwe. Makubaliano ya kumalizana barabarani kwa laki moja hufanywa kabla mtu hajajua kama wengu wake ni mzima.

Baiskeli isitengenezwe kabla mkaguzi hajaiona. Mkunjo wake unaonyesha iligongwa upande gani. Ikisharudi kwa fundi, kitu cha kwanza kuangaliwa ni uma wa mbele na mahali mabomba ya fremu yanapokutana na shingo ya usukani. Uma uliopinda hunyooka kwa nyundo, na mafundi wengi watakunyooshea, lakini chuma kilichopindishwa mara mbili kimeshachoka na kitavunjika siku ya mzigo. Badilisha. Kwenye fremu, futa rangi na mafuta, tafuta ufa mwembamba kuzunguka weldingi. Rangi iliyokunjamana bila kupasuka nayo inatosha kuonyesha bomba limejikunja ndani.